Njia ya Chuo Kikuu Ilivyopita Korogwe

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya masomo ninayoyafuata sasa, kwani habari zimewafikia wenzetu wengi kwamba mtumishi wa serikali wa umri wangu, mwenye watoto walio sekondari, amerudi tena kuwa mwanafunzi. Nimekubali kwa sharti moja tu, kwamba niseme zaidi habari za jambo ninalolitafiti kuliko habari zangu mwenyewe. Mimi nilipita katika shule hii miaka ya tisini kama walivyopita wengine. Jambo lenyewe linawahusu waliotutangulia, linatuhusu sisi, na linawahusu ninyi vijana mnaolala leo katika mabweni tuliyolala sisi.

Kwanza niwaeleze wadogo zangu masomo haya ni kitu gani. Siku hizi shahada hii huitwa ya uzamivu. Zamani iliitwa udaktari wa falsafa, na jina hilo la udaktari limeniletea usumbufu kidogo nyumbani, maana jirani mmoja amekwisha kuja kunionyesha goti lake. Anayeisoma hatibu mtu. Huchagua swali moja ambalo halijajibiwa vya kutosha, huliandikia pendekezo, hupata kibali kwa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Wilaya, huenda uwandani kutafuta ushahidi, kisha huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watu wanaojua kuliko yeye. Kazi yangu iko katika fani ya elimu ya juu, yaani ninakisoma chuo kikuu chenyewe kama wengine wanavyosoma mimea au magonjwa. Swali langu ni hili: vijana wa Korogwe na Handeni walioomba kuingia chuo kikuu, hasa kati ya mwaka 1975 na 1984, walichaguliwaje, na ni nani aliyewachagua?

Utafiti si mgeni katika sehemu zetu. Abdallah bin Hemedi, aliyekaa Mazinde katika utawala wa Semboja, alikusanya simulizi za wazee akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, zikachapishwa kwa vipande na misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907. Hakuwa na shahada yoyote, na kitabu chake bado hakikwepeki kwa mtu anayetaka kujua Usambara ya zamani. Wajerumani walifungua chuo chao cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani mwaka 1902. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikasalimika safarini, na baadaye wataalamu wa Mlingano wakazalisha chotara namba 11648 ambayo kila mzee aliyefanya kazi mashambani anaifahamu. Walipokuja wanahistoria wa zama za Uhuru, Isaria Kimambo alipata udaktari wake kwa historia ya Wapare, jirani zetu wa bonde moja la Pangani. Steven Feierman, Mmarekani, akaandika juu ya ufalme wa Wasambaa. Na mwenzake James Giblin akaenda Handeni kuchunguza njaa, mbung'o na utawala katika nchi ya Wazigua, kitabu chake kikatoka mwaka 1992.

Na katika miaka ya karibuni jina la Korogwe limesomwa duniani kote kwa sababu ya malaria. Mwaka 2007 watoto 894 wa Kilifi, Kenya, na wa Korogwe kwetu walishiriki katika jaribio la chanjo ya RTS,S. Matokeo yalitangazwa Desemba 2008, likafuata jaribio kubwa zaidi katika nchi saba, Korogwe ikiwamo tena, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Kwa hiyo damu ya watoto wetu imepimwa, udongo wetu umepimwa, mkonge wetu umepimwa, na watawala wetu wa kale wameandikwa. Safari ya kijana wa hapa kutoka dawati la Kidato cha Sita hadi chuo kikuu, hiyo ndiyo niliyoona imeachwa nyuma.

Safari hiyo, kusema kweli, ilianza kwa treni. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaiunganisha na reli ya Kenya kwa njia ya Voi, na mwaka 1931 reli ya upande ule ikafika Kampala. Tazameni ramani mtaona jambo la ajabu kidogo. Kijana wa Korogwe wa miaka ya arobaini na hamsini aliyebahatika kuchaguliwa Makerere aliweza kupanda treni hapa stesheni, akapita Moshi, Voi na Nairobi, akashuka Kampala, asikanyage Dar es Salaam hata siku moja. Kwenda Dar es Salaam kwa reli hakukuwezekana kabisa mpaka mwaka 1963, kilipofunguliwa kipande cha kuunganisha Mnyusi, ndani ya wilaya yetu, na Ruvu kwenye Reli ya Kati. Mwaka huo huo wa 1963 ndipo kilipozinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Huwa nawaambia wenzangu wa idara kwamba kwetu sisi chuo kikuu kiligeuka kutoka kaskazini kwenda kusini mwaka mmoja na reli. Wao hucheka, lakini hakuna aliyenipinga.

Waliokwenda Makerere walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba wakati wa Uhuru nchi nzima ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2 waliosomea. Chuo chetu wenyewe kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 14. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam. Katika enzi hizo mlangoni alisimama mtahini peke yake. Aliyefaulu alikwenda, serikali ikamlipia, naye akaitumikia.

Lakini hapo katikati lilitokea jambo la Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe siku ile ile, na mamia ya vijana wakarudishwa makwao. Ninalitaja kwa kupita tu kwa sababu wazee wengi niliowahoji, nikiwauliza habari za 1974, wao huanza kunisimulia za 1966. Kwao hofu ya msomi anayejitenga na wakulima ndiyo iliyozaa yote yaliyofuata.

Sasa nifike Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana huko na kutoa Azimio ambalo wengi hulikumbuka kwa ajili ya elimu ya msingi kwa kila mtoto. Kwa waliokuwa Kidato cha Sita lilikuwa na maana nyingine. Tangu hapo mtu hakwenda tena chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule. Alimaliza JKT, akaajiriwa, akafanya kazi miaka isiyopungua miwili, kisha ndipo akaomba. Na maombi yake yalikwenda pamoja na maoni ya mwajiri na ya tawi la Chama mahali alipofanya kazi. Mlangoni hakusimama tena mtahini peke yake. Waliongezeka meneja na mwenyekiti wa tawi.

Fikirini ilivyokuwa Korogwe ya siku zile. Huu ulikuwa mji wa mkonge na reli. Mashamba ya Magunga, Ngombezi, Mnyuzi, Hale na Mazinde yalikuwa yamejaa watu waliotoka Kigoma, Songea, Rukwa na kwingineko, waliokuja kama manamba, wakazaa hapa na kusomesha hapa. Orodha ya majina ya wanafunzi wa shule yetu ya miaka ile ni ramani ya Tanzania nzima. Mtoto wa mkata mkonge aliyefika Kidato cha Sita alirudi nyumbani, akapata kazi ya ukarani au ualimu, na hatima yake ikawa mikononi mwa watu waliomjua baba yake. Wakati mwingine hilo lilimsaidia.

Mzee mmoja niliyemhoji alimaliza Kidato cha Sita mwaka 1976. Baada ya JKT alikuwa karani wa mishahara katika shamba moja la mkonge. Alipotimiza muda wake aliomba, fomu ikapita kwa meneja, ikapita tawini, ikaenda Dar es Salaam. Hakuitwa. Mwaka uliofuata akaomba tena, hakuitwa. Mwenzake waliyekaa dawati moja, ambaye anasema alama zake zilikuwa chini ya za kwake, aliitwa mara ya kwanza. Mzee huyu hana uchungu wa kelele. Alisomesha watoto wake wote kwa mshahara wa karani, na mmoja ni mhandisi. Lakini barua zake mbili za kukataliwa amezihifadhi katika mfuko wa nailoni pamoja na hati ya shamba, na aliponionyesha aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: waliandika nini juu yangu? Miaka zaidi ya arobaini imepita naye hajui kama aliangushwa na meneja, na tawi, na upungufu wa nafasi, au na alama zake mwenyewe.

Yuko mwingine, wa upande wa Handeni, ambaye ataniona nimewaonea watu wa Musoma nikiishia hapo. Yeye hakufika kidato cha sita kabisa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akasoma usiku kwa taa ya chemli, akapendekezwa kwa utaratibu wa watu wazima, akaingia Mlimani akiwa na mke na watoto watatu. Anasema bila Musoma angestaafu akiwa na chaki mkononi. Anasema pia kwamba waliotoka kazini walisoma kwa adabu kuliko watoto waliotoka shule, na hilo nalisadiki.

Nimewasikiliza wote wawili na wengine wengi, na maoni yangu mpaka sasa ni haya. Sharti la kufanya kazi kwanza halikuwa baya. Mimi mwenyewe ninasoma vizuri zaidi leo kuliko nilivyosoma nikiwa kijana. Kilichoumiza ni bahasha iliyofungwa. Mtu alipimwa tabia na watu anaofanya nao kazi, bila kuona walichoandika na bila mahali pa kujibu. Palipokuwa na meneja mwema na tawi lenye haki, mambo yalikwenda sawa. Pasipokuwa hivyo hatuwezi kujua, kwa sababu bahasha haikurudi.

Serikali yenyewe iliona mapema kwamba utaratibu una kasoro. Idadi ya wasichana ilishuka, maana miaka ile mitatu ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na kuanzia 1976 wasichana wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Wavulana walingoja mpaka miaka ya themanini. Shule yetu ilikuwa ya wavulana, kwa hiyo walioonja Musoma kwa kirefu ni kaka zetu.

Baada ya hapo mlango ulibadilika tena, nami nitapita haraka kwa kuwa wengi wetu tulikuwapo. Mwaka 1992 ilianza kuchangia gharama, na wazazi waliozoea kwamba chuo kikuu ni bure walianza kuulizwa nauli, ada ya usajili, baadaye chakula na malazi. Mwaka huo huo sheria ikaanzisha Chuo Kikuu Huria, ambacho kimewafikisha wengi wetu watumishi mahali ambapo tusingefika. Sheria ya mwaka 2004 ikaleta Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi Julai 2005. Mwaka 2010 maombi yote yakawekwa katika mfumo mmoja wa kompyuta chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, na mwaka 2017 waombaji wakarudishiwa ruhusa ya kuomba chuoni moja kwa moja. Kijana wa leo hapimwi na tawi. Hupimwa na alama, kisha hupimwa umaskini wake ili ijulikane apewe mkopo kiasi gani. Nikiwasikiliza wanafunzi wanaolalamika kwamba fulani amepata asilimia kubwa naye baba yake ana lori, masikio yangu husikia sauti ya yule karani wa mishahara.

Sasa nieleze kinachonikosesha usingizi. Utafiti wa aina yangu hauendi bila karatasi. Kumbukumbu za watu ni njema, lakini mtu wa miaka sabini akisimulia mambo ya miaka yake ishirini na mitatu hupanga upya matukio ili yaeleweke, na wala si kwa kudanganya. Hana budi kupimwa na karatasi ya siku ile. Nimekaa sana katika masjala, kazi ambayo kwa mtumishi wa serikali si ngeni, na nimejifunza kwamba barua za juu huhifadhiwa, za chini hutupwa. Azimio lenyewe unalipata. Waraka wa utekelezaji unaupata. Fomu iliyojazwa na meneja wa shamba la Korogwe juu ya karani wake huipati.

Mpaka leo nimeiona moja tu. Familia ya meneja mmoja marehemu iliniruhusu kufungua sanduku lake la bati, na ndani yake, katikati ya stakabadhi za mafuta ya korona, kulikuwa na nakala ya kaboni. Meneja alikuwa amemsifu mwombaji kwa kuwahi kazini na kwa hesabu safi, halafu akaongeza kwamba ana tabia ya kusoma magazeti saa za kazi. Nilicheka peke yangu. Mwombaji huyo aliitwa. Nilimtafuta nikampata, amestaafu, na alipousoma mstari ule alinyamaza kidogo, akasema kwamba magazeti yale alikuwa akiyasoma kwa sauti kwa sababu meneja mwenyewe alimwomba. Mnaona jinsi karatasi moja na mtu mmoja wanavyohitajiana.

Daftari za usajili za shule yetu nazo nimeziona. Ziko stoo, pamoja na majembe na vitanda vilivyovunjika. Mchwa wameanza na za miaka ya sabini, kana kwamba wametumwa. Sheria ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka inazitambua karatasi za ofisi za umma kuwa hazina ya taifa, lakini sheria haipulizi dawa ya mchwa. Mkuu wa shule wa sasa amekubali ziwekwe katika kabati la chuma likipatikana. Bei ya kabati wote tunaijua, na chama chetu kimewahi kuchanga zaidi ya hiyo kwa ajili ya tisheti.

Jambo la lugha nalo nilitaje, maana limenigusa. Mahojiano yangu yote ni ya Kiswahili, na wazee wengine huingia Kisambaa au Kizigua pale jambo linapokuwa zito. Tasnifu nitaiandika kwa Kiingereza, kwa sababu katika fani yangu ndivyo inavyotakiwa. Wenzetu wa idara za Kiswahili ndio walioruhusiwa kuandika za kwao kwa lugha yetu. Maana yake ni kwamba yule mzee wa mfuko wa nailoni akiletewa kitabu kinachomhusu hataweza kukisoma kwa raha. Abdallah bin Hemedi, zaidi ya miaka mia iliyopita, hakuwa na taabu hiyo. Ndiyo sababu nimelikubali ombi la Mhariri, na ndiyo sababu nitaleta hapa kila sura nitakayoimaliza, kwa muhtasari wa Kiswahili, kama gazeti hili litanivumilia.

Kwa hiyo naomba. Ninyi mliomaliza Kidato cha Sita kati ya 1973 na 1982, popote mlipo, tazameni katika masanduku. Ninatafuta barua za kuitwa na za kukataliwa, fomu za maombi, barua za tawi, vyeti vya JKT, hata barua mlizowaandikia wazazi mkiwa mnangoja. Waliokuwa viongozi wa matawi au mameneja nao nawaomba waje; sikuja kumshitaki mtu. Majina yote nitayabadilisha katika tasnifu.

Siku ya mkutano wetu katibu amenitengea meza karibu na mlango wa bwalo. Nitakuwa pale kuanzia saa mbili asubuhi na mashine ya kunakili, na karatasi ya mtu itarudi mkononi mwake kabla hajaenda kula. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Tano wamejitolea kunisaidia kuandika orodha. Walionitumia ujumbe kwamba hawana chochote ila kumbukumbu, waje pia, ila wasije wote saa sita.